Mnara wa nyambizi na kona kali

Mwaka 1953 Jeshi la Majini la Marekani lilishusha majini nyambizi isiyokuwa na silaha hata moja. USS Albacore, yenye urefu wa mita 62, ilijengwa kwa majaribio tu: ganda nene upande wa omo, likichongoka kuelekea tezi. Mshika usukani aliketi kama rubani, amefungwa mkanda, na mkanda huo ulikuwa na kazi kweli.

Nyambizi za Vita vya Pili vya Dunia zilikaa juu ya maji muda mwingi, zikizama kushambulia au kujificha. Mnara, ile sehemu inayochomoza juu ya ganda, ulikuwa jukwaa la nahodha, na kwa mwendo mdogo chini ya maji ukinzani wake ulivumilika. Albacore ilikuja kufikia takribani noti 33. Ukiongeza mwendo mara mbili, maji hukuzuia mara nne, na mtambo hudaiwa nguvu mara nane hivi. Hapo kila kilichochomoza nje ya ganda kinalipiwa.

Hata hivyo, naona ukinzani ni tatizo jepesi ukilinganisha na kona.

Nyambizi inapokata kona, omo huelekea ndani na tezi huteleza nje, hivyo maji huupiga mnara kwa mshazari. Mnara umechongwa kama bawa la ndege lililosimamishwa wima, na bawa likipigwa na mkondo kwa pembe huzaa nguvu ya upande. Nguvu hiyo husukuma kuelekea ndani ya kona, tena juu kabisa, mbali na kitovu cha uzito. Chombo hulala ubavu ghafla. Kikishalala, usukani uliokuwa wima nao umeinama, na nguvu iliyokusudiwa kuigeuza omo upande huanza kuielekeza chini. Wakati huohuo maji yanayojisokota kutoka kwenye mnara hupita juu ya ganda na kuigandamiza tezi. Mshika usukani anapambana na nguvu mbili zisizopatana, na muda hana: kwa noti 30, omo ikiinama nyuzi 20, chombo hushuka zaidi ya mita 100 katika sekunde 20.

Wahandisi wa Albacore walijaribu kufunga usukani mdogo kwenye ukingo wa nyuma wa mnara wenyewe. Wasovieti, katika nyambizi zao za Mradi 705, waliufanya mnara kuwa mfupi kwa kimo na mrefu kwa mlalo, ukiyeyukia kwenye ganda. Ni suluhisho zuri, lakini lina bei: mnara ukiwa mfupi, ganda hulazimika kukaribia mawimbi kila periskopu inapotaka kuchungulia.

Mguu wa mnara nao una shida yake, hata chombo kikienda moja kwa moja. Maji yanayokwaruza ganda yakigonga ukingo wa mbele hujikunja, huuzunguka mnara pande zote mbili, kisha hufika kwenye propela yakiwa yamevurugika. Propela hupiga kelele, na kelele huisaliti nyambizi. Ndiyo maana nyambizi za Marekani za aina ya Seawolf na Virginia zina kipande kilichopinda vizuri pale mnara unapoanza, kinachoyapa maji njia laini.

Virginia imekwenda mbele zaidi. Milingoti yake ya kamera hupeleka picha kwa waya, bila mlingoti wenyewe kutoboa ganda, hivyo chumba cha uongozi hakilazimiki tena kukaa chini ya mnara, na msanifu ana uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua mahali pa kuusimamisha.