Katuni ya Mahema Iliyonifanya Nilifikirie Upya Ombi la Binti Yangu

Binti yangu amemaliza kidato cha nne, na juzi alinijia na ombi. Yeye na rafiki zake watatu wanataka kwenda Shimba Hills, kule Kwale, walale usiku mmoja kwenye mahema. Nilikataa kabla hajamaliza kusema. Nilipomuuliza wazo hilo limetoka wapi, akanionyesha katuni ya Kijapani kwenye simu. "Baba, hebu itazame kwanza, ndio ukatae."

Basi nikaitazama, nia yangu ikiwa ni kutafuta sababu zaidi za kukataa.

Inaitwa Yuru Camp. Asili yake ni vitabu vya katuni vya mchoraji anayejiita Afro, vilivyoanza kutoka mwaka 2015, na kwenye televisheni ya Japani iliingia Januari 2018. Hakuna vita, hakuna majini, hakuna mapenzi ya kuchosha. Ni wasichana watano wa shule ya upili mkoani Yamanashi wanaozunguka kupiga kambi, wanapika, wanapiga gumzo, wanatazama mlima. Ukiisimulia hivyo mtu atauliza, sasa hapo kuna hadithi gani? Nami niliuliza hivyo hivyo.

Mmoja wao, Nadeshiko, ndiyo kwanza amehamia hapo kutoka Hamamatsu. Anapanda baiskeli hadi Ziwa Motosu kwa sababu moja tu: noti ya yeni 1,000 ya wakati huo ilikuwa na picha ya Mlima Fuji unavyoonekana kutoka ziwa hilo. Anataka kuuona kwa macho yake. Anafika mawingu yameufunika, usingizi unamchukua kwenye benchi, anazinduka giza limeingia. Hapo ndipo anakutana na Rin, msichana anayependa kupiga kambi peke yake. Rin anampa tambi za kikombe, wanakula karibu na moto, na mlima unajitokeza mwezi ukiwa juu.

Mahali hapo si pa kubuni. Ziwa lipo, kambi ipo, na mandhari ile ilikaa kwenye noti hadi noti mpya zilipotolewa Julai 2024. Karibu kila kambi wanayokwenda imechorwa kutoka mahali halisi, na hata shule yao imechorwa kwa kufuata shule iliyofungwa katika mji wa Minobu. Mashabiki huzuru sehemu hizo wakiwa na picha za katuni mkononi, wakisimama pale pale aliposimama Rin.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba wanapiga kambi wakati wa baridi. Rin ana sababu zake: wadudu hakuna, watu ni wachache, na hewa kavu huufanya Mlima Fuji, wenye mita 3,776, uonekane vizuri. Sisi wa Pwani tunaovaa sweta Julai tutamwona ana wazimu, lakini hoja yake ina mantiki.

Na pesa hawana. Hema la kwanza la chama chao cha shule ni la yeni 980, la msimu wa joto, na fito yake inavunjika siku ya kwanza wanapojaribu kulisimamisha. Wengine wanafanya vibarua, Rin dukani kwa vitabu, mwenzake supamaketi. Rin anapata leseni ya skuta ya cc 50, ambayo Japani inaruhusiwa mtu akifika miaka 16, lakini sheria haikuruhusu kupita kilomita 30 kwa saa. Anakwenda nayo hadi Nagano kwa mwendo huo huo wa kobe, akafika akakuta bafu la chemchemi ya maji moto alilolitamani limefungwa. Usiku huo yeye yuko mlimani Nagano na Nadeshiko yuko Yamanashi na wengine, wanatumiana picha za taa za miji iliyo chini yao. Hakuna anayemlazimisha Rin ajiunge na kundi. Urafiki wa namna hiyo hata sisi wakubwa unatushinda.

(Vyakula vyao si vyote vinatufaa. Kuna mahali Rin anakaanga andazi lenye nyama ya nguruwe. Binti aliruka hapo haraka kabla sijasema neno.)

Lakini sehemu iliyonikalisha wima iko msimu wa pili, wa 2021. Wasichana watatu wanakwenda Ziwa Yamanaka bila Rin. Mchana ni mzuri, wanacheka, wanapiga picha. Jua linapozama wanagundua kwamba hapo ni juu sana na baridi yake si ile waliyoizoea, na vitu walivyobeba havitoshi. Rin anawapigia, hawapatikani. Anaingiwa na wasiwasi, anamwarifu mwalimu wao, naye anaendesha gari usiku kuwafuata. Anawakuta salama ndani ya hema la watu wasiowajua waliowakaribisha kwenye jiko la kuni. Waliokolewa na bahati na ukarimu, na katuni haifichi kwamba ingeweza kuwa vingine.

Nilisimamisha simu nikamtazama binti yangu. Kumbe na yeye alikuwa ananitazama.

"Walikosea wapi?" nikamuuliza.

Akasema hawakuuliza hali ya hewa ya kule, na waliokuwa nyumbani hawakuwa na namba ya pili ya kuwapata. Akaongeza kwamba wao wanne wangechukua mlinzi wa hifadhi awe nao usiku, na kaka wa mwenzao angelala hema la pembeni. Hayo hakuwa ameyasema mwanzo, kwa sababu sikumpa nafasi.

Nimewaambia waje Ijumaa baada ya swala, wote wanne, na orodha: gharama, usafiri, maji, namba za simu, na nani atarudi nao ikiwa mmoja ataugua. Mama yake bado sijamwambia.