Mchekeshaji Mwenye Mtindio wa Ubongo

Kila kijiji kina mtu wake wa kuchekesha watu harusini au kilabuni. Huko Marekani hiyo ni kazi ya kulipwa. Mtu anasimama jukwaani peke yake, hana ngoma wala mwenzake, anasema tu. Watu wanatoa kiingilio kumsikiliza.

Mmoja wao ni mwanamke aitwaye Maysoon Zayid. Wazazi wake ni Wapalestina, yeye alizaliwa katika jimbo la New Jersey. Ana mtindio wa ubongo. Hali hii si ya kurogwa, wala haiambukizi. Ubongo wa mtoto huumia akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Basi viungo havimtii sawasawa. Wengine hawatembei, wengine husema kwa shida. Maysoon mwili wake hutetemeka wakati wote.

Huku kwetu tumeona watoto wa namna hii wakifungiwa ndani wageni wanapokuja. Baba yake Maysoon hakumficha. Alimsimamisha juu ya miguu yake mwenyewe, akatembea naye hivyo hivyo mpaka mtoto akajua kutembea. Dada zake wakipiga deki, naye anapiga.

Chuoni alisomea maigizo. Ukaja mchezo unaomhusu msichana mwenye mtindio wa ubongo. Akajua hapo nafasi ni yake! Wapi! Akapewa mtu asiye na ulemavu, eti Maysoon hataweza vitendo vingine vya mchezo. Akawajibu kwamba kama yeye hawezi, basi na huyo msichana wa kwenye mchezo hawezi.

Ndipo akashika uchekeshaji. Mwaka 2013 alianza hotuba yake kwa kusema kwamba yeye hakulewa, aliyelewa ni daktari aliyemzalisha. Watu wakacheka. Hapo ndipo penye ufundi. Mtu anayeogopa kumtazama mlemavu, akishacheka naye, woga unamtoka. Sasa anasikiliza. Kumcheka mtu na kucheka pamoja naye ni mambo mawili mbalimbali kabisa. Na walemavu si wachache: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 ana ulemavu mkubwa.

Mwaka 2003, Waarabu wa Marekani walipokuwa bado wanatazamwa vibaya kwa sababu ya mashambulizi ya 2001, yeye na Dean Obeidallah walianzisha tamasha la wachekeshaji wa Kiarabu mjini New York. Palestina nako alianzisha kazi ya kuwasaidia watoto wakimbizi, walemavu na yatima, kwa njia ya sanaa.