Hamira inavyofundisha dawa za akili

Kwenye sherehe za Wadatoga wa Mbulu na Hanang, Tanzania, wazee hupewa heshima ya pombe ya asali. Asali na maji huchanganywa, huachwa penye joto, na baada ya siku kadhaa povu hupanda. Kazi hiyo hufanywa na chachu, kijidudu cha chembe moja. Hamira ya mkate, ya jamii hiyohiyo, hutumika maabara kuchunguza dawa za bipola, ugonjwa unaompandisha mtu hisia kupita kiasi kisha ukamtumbukiza kwenye huzuni.

Hamira haina ubongo wala huzuni. Ila ina jeni takriban 6,000, zilizosomwa zote mwaka 1996, na nyingi zina wenzao ndani ya mwili wa binadamu. Tena hujigawa kila baada ya saa moja na nusu hivi, kwa hiyo majibu hayachelewi.

Mwaka 2001, Miriam Greenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wayne State, Marekani, walionyesha kwamba lithiamu na valproati, dawa mbili zisizofanana hata kidogo, zote hupunguza inositoli ndani ya hamira. Hiyo ni kemikali ya jamii ya sukari ambayo chembe huitumia kupitishia ujumbe. Mwaka 2004, sampuli za ubongo wa binadamu nazo zilionyesha valproati ikizuia utengenezaji wake.

Ugunduzi huo una uzito hata kwenye bonde la Yaeda Chini, huko Mbulu. Kiwango cha lithiamu kinachotibu kimekaribiana sana na kinachodhuru, hivyo mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara. Akiharisha au akitoka jasho jingi, figo hubakiza dawa na sumu hupanda. Bonde lenyewe ni kame, na hospitali kubwa, ya Haydom, haiko mlangoni. Valproati, inayotibu pia kifafa, huweza kumlemaza mtoto tumboni. Tukijua dawa inagusa wapi, tunaweza kutafuta nyingine iguse hapohapo bila madhara hayo.

Dawa hiyo mpya bado haijafika madukani. Kwa sasa, anayetumia lithiamu anywe maji ya kutosha na asikose vipimo. Mwanamke anayetumia valproati amwone daktari kabla ya kubeba mimba. Na yeyote asiache dozi kwa uamuzi wake mwenyewe.