Fahamu: Ndege wa Lushoto asiyepatikana kwingine duniani

Ukisikia ndege anayetoweka, mara nyingi ni kasuku. Kasuku wa kijivu wa Kongo na Uganda alinaswa na kuuzwa kwa wingi, hadi mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, wa mwaka 2016 mjini Johannesburg ukapiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wa porini. Lakini Lushoto, Tanzania, yuko ndege ambaye hakuna anayemtaka tunduni, na bado yumo hatarini.

Ni akalati wa Usambara, ambaye wanasayansi humwita Sheppardia montana. Anaishi kwenye milima ya Usambara Magharibi tu, kwenye misitu ya juu kama Magamba na Shume. Ni mdogo, wa kahawia, hana madaha. Hushinda chini, gizani mwa vichaka, na pengine hufuata msafara wa siafu akidaka wadudu wanaoukimbia.

Kwa nini hahami? Milima hii imezungukwa na nyanda kavu zenye joto, hivyo msitu wake wa baridi ni kisiwa kisicho na bahari. Na kisiwa chenyewe kimemegwa: mahindi, viazi, kabichi, kisha misindano ya kupandwa. Ukiwa barabarani utaona kijani kila upande, lakini chini ya misindano hakuna vichaka vya kumficha.

Tegemeo lake kubwa sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Unaruhusiwa kuingia na mwongozaji. Nenda alfajiri, na usitarajie rangi.