Homa ya ini B huumiza hata figo

KILBURN, London – Ukiona mkojo una povu na miguu imevimba, usidhani ni uchovu wa shifti za usiku tu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuumiza hata figo. Protini za virusi hushikamana na kingamwili, mafungu hayo hukwama kwenye vichujio vidogo vya figo, kinga ya mwili huvishambulia vichujio hivyo, na protini za damu huvuja kwenye mkojo. Watoto wengi hupona. Kwa watu wazima figo huweza kushindwa kazi. Dawa za kudhibiti virusi zipo.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto wote mwaka 2002, Uingereza mwaka 2017. Wengi wetu tulizaliwa kabla. Hapa Kilburn daktari wa mtaa hakutozi. Nenda ukapime damu.