Mkataba wa Upangaji Unapofikia Ukomo
Mkataba wa miezi sita au mwaka mmoja unapokaribia ukomo, mpangaji ana njia tatu. Kwanza, kuuhuisha kwa maandishi, kodi mpya ikitajwa. Pili, kuondoka, akilipa ankara ya maji na kukabidhi funguo mbele ya shahidi. Tatu, kubaki kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Chini ya Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, anayebaki huku kodi yake ikiendelea kupokelewa anaweza kuhesabiwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, anayestahili notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kutolewa vyombo nje si notisi. Hivyo, tunza stakabadhi zako zote. Mgogoro ukizuka, anzia usuluhishi katika Baraza la Kata. Usipopatikana, fika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.