Gari la Umeme Pwani: Breki Zisizotumika Hushika Kutu

Wenye magari ya umeme Mombasa wanaweza kukaa miaka kadhaa bila kubadilisha pedi za breki. Hiyo ni nafuu ya mfuko, lakini breki ambayo haifanyi kazi hushika kutu, na hewa ya chumvi ya Pwani huiongezea kasi.

Dereva wa gari hilo anapoachia kanyagio la mwendo, mota hugeuka jenereta: magurudumu huizungusha, umeme hurudi kwenye betri, na gari hupunguza kasi bila pedi kugusa diski. Kwenye gari la petroli, msuguano wa kila siku ndio unaosafisha diski.

Utando mwembamba wa rangi ya chungwa baada ya mvua si wa kutia hofu. Breki chache huuondoa. Kutu mbaya ni ile inayochimba diski au kukwamisha pini za kalipa. Katika safari za kawaida haijulikani, kwa kuwa mota ndiyo inayobeba kazi. Hujulikana siku mtoto anapokatiza barabara ghafla, dereva akakanyaga kwa nguvu zote, na gari likavuta upande mmoja au likachelewa kusimama.

Kinga yake haina gharama. Mara moja kwa wiki, katika barabara iliyonyooka isiyo na gari nyuma, dereva apige breki thabiti mara tano au sita, ndani ya kasi inayoruhusiwa. Kukanyaga taratibu hakutoshi, maana mota itaidaka kazi hiyo. Kwanza apunguze kiwango cha kurudisha umeme kwenye mipangilio ya gari. Katika magari mengi gia ya N huzima kabisa, ila isitumiwe mteremkoni. Gari likishaoshwa, liendeshwe kidogo na breki zikanyagwe zikauke kabla ya kuegeshwa.

Volkswagen iliweka breki za ngoma, ambazo zimefunikwa, kwenye magurudumu ya nyuma ya ID.3 na ID.4. Magari mengi yana diski zilizo wazi, kwa hivyo fundi anahitajika walau mara moja kwa mwaka kufungua magurudumu, kusafisha pini na kuzipaka grisi maalum ya breki. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, hata kama pedi bado ni nene.

Sauti ya kusaga isiyoisha baada ya breki kadhaa ni sababu tosha ya kwenda gereji siku hiyo hiyo.